Mlo wa bei moja: Mhesabu anayekula kidogo kabla hujalipa

Na Mwandishi Wetu, Nairobi

Msimu wa likizo unapokaribia, aina moja ya tangazo huanza kuzunguka katika simu za watu wa Arusha, Kampala, Kigali na Bujumbura. Ni safari ya siku tatu Nairobi, yenye usafiri na malazi, na ndani yake usiku mmoja wa chakula cha jioni katika mgahawa unaojulikana duniani. Bei ni moja kwa kila kichwa, unakula mpaka useme basi, na fedha hulipwa kabla.

Zamani wateja wa mialiko hiyo walikuwa zaidi watalii kutoka Ulaya na Marekani. Leo wamo pia walimu waliochanga mwaka mzima, wanakwaya, wanachama wa vikoba, na familia inayotaka kumpongeza kijana aliyehitimu chuo. Kwa watu hawa fedha ya usiku mmoja si jambo la kupuuza. Ni ada ya mtoto, au mabati ya nyumba, au akiba iliyochukua miezi kukusanywa. Kwa hiyo swali la kama mlo huo unastahili bei yake linahitaji jibu lililopigiwa hesabu.

Kosa la kawaida katika hesabu hiyo ni kumtazama mlaji mkubwa wa kundi. Kila familia ina mjomba wa namna hiyo, na watu husema kwa kicheko kwamba mwenye mgahawa atajuta kumkaribisha. Lakini mwenye mgahawa hajuti kamwe. Bei ya kichwa imepangwa akijua kwamba kwa kila mjomba mmoja watakuja bibi mmoja, mtoto mmoja na shangazi mmoja mwenye shinikizo la damu. Hao watatu ndio wanaomlipia mjomba.

Moto mlangoni

Mfano ulio karibu zaidi ni Carnivore, mgahawa ulioko kando ya Barabara ya Lang'ata, jirani na Uwanja wa Ndege wa Wilson. Ulifunguliwa mwaka 1980 na kampuni ya Tamarind, na mwaka 2002 na 2003 ulitajwa katika orodha ya migahawa 50 bora duniani inayotolewa na jarida moja la Uingereza. Hakuna wakala wa safari Nairobi asiyeufahamu.

Mgeni anapoingia hukutana kwanza na jiko kubwa la mkaa lililowekwa wazi, na nyama zikizunguka juu ya moto zikiwa zimechomekwa kwenye sime za Kimasai. Mezani huanza na supu na mkate. Kisha huletwa sahani ya chuma yenye moto, na katikati ya meza kuna kijukwaa cha kuzunguka chenye kachumbari, saladi na michuzi ya aina mbalimbali, kila mchuzi ukiwa na nyama yake. Hapo wahudumu huanza kupita na sime mkononi: ng'ombe, mwanakondoo, kuku, nguruwe, soseji, maini, mbavu, na pia mbuni na mamba wa kufugwa. Wanakukatia moja kwa moja kwenye sahani.

Juu ya meza kuna kibendera cheupe. Kikiwa kimesimama, nyama inaendelea kuja. Ukikilaza, umesalimu amri, na wahudumu huleta kitu kitamu na kahawa. Vinywaji ni malipo ya pembeni, na miongoni mwake ni kile kinachoitwa "dawa", mchanganyiko wa vodka, ndimu, sukari na asali ambao sasa unauzwa karibu kila baa ya watalii Afrika Mashariki.

Kwa mtu wa Ulaya, jioni hiyo ni hadithi ya kwenda nayo nyumbani. Kwa mtu wa Moshi au Mbarara hali ni tofauti kidogo. Yeye anaijua nyama choma. Anamjua mchomaji wake kwa jina, anachagua paja au mbavu mwenyewe, anapimiwa kilo mbele ya macho yake, anasubiri huku akinywa soda, na nyama inakuja kwenye ubao na chumvi pembeni. Ndani ya Nairobi penyewe, soko la Kenyatta na soko la Burma yamejenga jina kwa biashara hiyo hiyo. Ndiyo maana mteja wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza swali ambalo mtalii wa mbali haulizi: kipi nitakachopata hapa ambacho sikipati kwa mchomaji wangu?

Bei ya kichwa na bei ya kilo

Tuchukue mfano wa hesabu. Takwimu zilizo hapa chini ni za kufanyia zoezi tu, maana bei hubadilika na kila kundi litapewa yake.

Tuseme watu sita, na bei ya kichwa ni shilingi 5,000 za Kenya. Jumla ni 30,000. Kundi hilo hilo likienda sokoni, tuseme kilo moja ya mbuzi aliyechomwa ni 1,200. Kilo tatu zinawatosha, yaani 3,600. Ongeza ugali na kachumbari 900, na soda 600. Jumla ni 5,100.

Tofauti ni shilingi 24,900, yaani 4,150 kwa kila mtu. Hiyo ndiyo bei halisi ya jambo unaloamua. Usijiulize kama nyama ya 5,000 ni tamu, kwa sababu tumbo lingeshiba kwa 850. Jiulize kama moto ule mlangoni, sime, kibendera, huduma, kiti kilichohifadhiwa, na kuonja mamba kwa mara ya kwanza maishani ni vitu ambavyo kila mmoja wa watu hao sita angevilipia 4,150 peke yake.

Sasa fanya hatua ya pili, ambayo wengi huisahau. Uliza kama bei iliyotangazwa ina kodi ndani yake. Kenya hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na kuna tozo ya utalii ya asilimia 2. Kama bei iliyoandikwa haijumuishi asilimia hizo 18, basi 5,000 inakuwa 5,900, na watu sita wanalipa 35,400. Nyongeza ya kodi peke yake, shilingi 5,400, imezidi mlo mzima wa sokoni. Weka na vinywaji: soda mbili kwa kila mtu kwa bei ya hoteli, tuseme 400 kila moja, ni 4,800 nyingine. Mweka hazina aliyetangaza 30,000 kikaoni atajikuta anatafuta 40,200, na hapo bado hajalipa gari la kurudi.

Jambo la tatu ni tofauti ya asili kati ya mifumo hiyo miwili. Bei ya kilo humfuata mlaji: anayekula kidogo anapunguza gharama ya wote. Bei ya kichwa haimjui mtu. Bibi anayekula vipande viwili analipa sawa na mjomba anayekula sime nzima. Ndiyo sababu ya kumhesabu kwanza anayekula kidogo. Ikiwa kwa upande wake usiku huo una thamani hata bila nyama, kundi zima liko salama. Ikiwa kwake ni hasara, basi wengine wanafurahi kwa fedha yake.

Nani ataketi mezani

Kabla ya kulipa, andika majina ya wote na mbele ya kila jina andika anachoweza kula.

Wapo Waislamu? Katika meza za aina ya Carnivore, nguruwe ni sehemu ya mzunguko, na nyama nyingi hupita kwenye moto mmoja. Uliza mapema nyama inachinjwa na nani, ipi inatengwa, na kama sime na visu vinatenganishwa. Jibu la kuridhisha ni lile linaloeleza utaratibu. Jibu la "usiwe na wasiwasi" halitoshi. Mtu asiyepata jibu atakula saladi na mkate kwa bei ya nyama kumi.

Wapo wasiokula nyama? Carnivore ina chakula chao, licha ya jina lake. Lakini uliza kama bei yao ni ile ile. Wapo watoto? Uliza umri ambao bei ya mtoto inakoma, maana mahali pengine mtoto wa miaka kumi na miwili tayari ni mtu mzima kwenye risiti. Wapo wazee wenye shinikizo la damu, kisukari au jongo? Kwao ukarimu wa nyama nyekundu usiku, pamoja na michuzi yenye chumvi, ni mtihani, na kumweka mzee katika mtihani siku ya sherehe si heshima.

Kwa familia nyingi za kwetu kuna jambo jingine lisilosemwa. Mgeni akilipiwa chakula, huona aibu kuacha. Kibendera kinachowafanya watalii wacheke kinaweza kumfanya baba mkwe ale kupita kiasi ili asionekane anadharau. Mwenyeji mwenye busara hueleza mchezo huo mapema, na yeye mwenyewe huwa wa kwanza kulaza kibendera.

Tamasha lipo bado?

Mgahawa wa namna hii huuza chakula pamoja na tamasha. Tamasha hubadilika, lakini sifa yake hubaki ikitembea miaka mingi baadaye.

Carnivore ilipata jina kwa nyama za porini. Wageni wa miaka ya 1980 na 1990 walikula pundamilia na kongoni hapo, na waliporudi nyumbani walisimulia. Kenya ilikuwa imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, lakini nyama kutoka mashamba yaliyoruhusiwa kupunguza idadi ya wanyama iliendelea kuuzwa kihalali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mlango huo nao ukafungwa, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaweka adhabu kali kwa biashara ya nyama pori. Kilichobaki mezani ni mbuni na mamba kutoka mashamba ya ufugaji.

Hata hivyo hadi leo wapo watu wanaopanda basi kutoka Mwanza au Kigali wakiwa na hadithi ya mjomba aliyekula pundamilia Nairobi. Watalipa kwa ajili ya hadithi hiyo, na hawataipata. Kosa halitakuwa la mgahawa wala la mjomba. Dawa yake ni swali moja kabla ya kulipa: orodha ya nyama za wiki hii ni ipi? Mgahawa makini huituma kwa simu ndani ya dakika chache.

Pwani nako kuna tamasha za aina nyingine, na udhaifu wa aina nyingine. Mombasa, chakula cha jioni ndani ya jahazi linalozunguka Mkondo wa Tudor ni kivutio cha miaka mingi. Unachonunua pale ni maji, upepo na taa za mji ukiziona kutoka baharini. Samaki unaweza kumpata popote Mombasa. Sasa uliza: mvua za masika zikinyesha kuanzia Machi hadi Mei, au bahari ikichafuka, jahazi lisipong'oa nanga na chakula kikaliwa likiwa limefungwa gatini, kuna fedha inayorudi? Chakula kitakuwa kimetolewa, kwa hiyo mwenye jahazi anaweza kusema amekamilisha ahadi. Lakini wewe hukulipia samaki gatini.

Zanzibar, katika Mji Mkongwe, kuna migahawa ya juu ya paa ambako wageni hupewa mlo wa hatua kadhaa kwa bei moja, wengine wakikaa chini juu ya mito, huku jua likizama juu ya bahari na adhana ya magharibi ikitoka misikiti ya kila upande. Hapo saa ndiyo kila kitu. Zanzibar jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima. Ukipewa nafasi ya saa moja na nusu, umelipia paa, na jua limeshakwenda. Na chini yake, umbali wa kutembea kwa miguu, Forodhani kuna urojo, mishikaki na pweza kwa fedha ya mfukoni, na bahari ni ile ile. Tofauti kati ya viwili hivyo ni urefu wa ngazi, utulivu na saa ya kuketi. Kwa wanandoa wapya tofauti hiyo inaweza kuwa na thamani kubwa. Kwa kundi la vijana ishirini wenye kelele haina thamani hata kidogo.

Kulipa kabla

Kulipa kabla kuna faida yake. Unakuwa na uhakika wa kiti katika Desemba iliyojaa watu, unaijua jumla yako, na hakuna mabishano ya bili mbele ya wageni. Kwa kundi kubwa hiyo ni nafuu kweli. Lakini anayelipa kabla amebeba hatari zote za safari.

Fikiria kundi linalotoka Arusha. Hadi Nairobi ni kama kilomita 270. Namanga sasa kuna kituo kimoja cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, na muda wa kusubiri si ule wa zamani. Bado, mwanachama mmoja mwenye hati iliyokwisha muda anaweza kulisimamisha basi zima. Baada ya hapo kuna foleni ya magari ya kuingia Nairobi jioni, ambayo haimjui aliyelipia chakula. Kwa hiyo usiweke mlo huo siku ya kuwasili. Uweke siku ya pili, na upange kufika mapema.

Kisha tazama fedha inakwenda wapi. Lipa kwa namba ya biashara ya mgahawa au kwa akaunti yenye jina lake. Namba ya simu ya mtu binafsi anayejiita wakala haitoshi. Kama unapitia kwa wakala, piga simu mgahawani na uulize kama jina la kundi lenu limeandikwa na ni kiasi gani kimepokelewa. Omba risiti inayoonyesha tarehe, saa, idadi ya watu, kilichomo na kisichokuwamo, na siku ya mwisho ya kuahirisha bila kukatwa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na nchi jirani zina zake. Lakini mtu wa Bujumbura hatakwenda kufungua kesi Nairobi kwa sababu ya sahani sita. Kinga yake ni ile karatasi, na kulipa nusu sasa na nusu mlangoni pale inapokubalika.

Mwisho, sarafu. Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zilisaini itifaki ya umoja wa fedha mwaka 2013, lakini sarafu moja bado haijafika mfukoni mwetu. Bei ikitajwa kwa dola, mtu wa Dodoma anabadilisha shilingi yake kwenda dola, na mgahawa unaibadilisha dola kwenda shilingi ya Kenya, na kila mlango una mlinzi anayechukua chake. Omba bei kwa shilingi ya Kenya. Na uliza kama kuna bei ya wenyeji. Hifadhi za taifa za Kenya hutofautisha raia wa Afrika Mashariki na wageni wa mbali katika viingilio vyake. Mgahawa binafsi haulazimiki kufanya hivyo, lakini mara nyingi bei ya wakala ni ya mtalii, na bei ya aliyepiga simu mwenyewe kwa Kiswahili ni nyingine.

Uamuzi

Kwa kuunganisha yote hayo, mlo wa bei moja uliolipiwa kabla unafaa pale ambapo mambo matatu yamekutana. La kwanza, kuna jambo la kuadhimisha, na mahali penyewe ni sehemu ya zawadi. La pili, tamasha linalouzwa bado lipo, na saa uliyopewa inakuwezesha kuliona. La tatu, yule anayekula kidogo kuliko wote, akionyeshwa tofauti ya bei iliyo wazi, anasema bado anataka kwenda.

Haufai pale ambapo shabaha ni kushiba, pale ambapo nusu ya kundi haiwezi kula kilichopo, au pale ambapo fedha ni ya wengi na aliyeamua ni mmoja. Mweka hazina wa chama ana wajibu wa kuwaonyesha wanachama namba mbili, ile ya mgahawa na ile ya sokoni, kabla hajatuma hata senti moja. Wakizitazama na wakachagua mgahawa, watakula kwa amani. Wakichagua soko, nao watakula, na salio litabaki kwenye daftari likiwa na majina yao.

Kuna njia ya kati ambayo makundi mengi hayafikirii. Waende mgahawani wale ambao usiku huo ni wao: mhitimu na wazazi wake, bibi harusi na bwana harusi, au wastaafu wanaoagwa. Wengine wawasubiri mahali pa nyama ya kilo, na siku inayofuata wote wakutane kwa chai. Gharama hupungua, zawadi hubaki zawadi, na hakuna aliyelazimika kula kipande cha saba kwa sababu tu kimeshalipiwa.